Fremu 40 zilizotulia au 90 zinazorukaruka: nini hasa kinakutoa ndani ya gemu?

#1 Mzee wa Vumbi
Wakuu, salaam.

Naleta hoja, naomba tuijadili kwa uzito wake, tusiishie kutambiana mashine. Miaka mitatu sasa nacheza huku jicho moja liko kwenye ile namba ya kijani pembeni ya kioo, inayohesabu fremu, yaani picha ngapi zinachorwa kwa sekunde. Ikishuka chini ya 60 naacha farasi njiani, naingia kwenye setingi, napunguza vivuli, narudi. Ikishuka tena natoka tena. Red Dead Redemption 2 nimeianza mara nne kwa mtindo huo. Mara zote nne nimeishia kwenye theluji ya mwanzo kule milimani, mjini sijawahi kufika.

Mwezi uliopita nikaizima ile namba. Nikafunga fremu kwenye 40, nikapandisha picha kidogo, nikavaa hedifoni, nikacheza mpaka adhana ya alfajiri. Ndiyo siku nilipoona kwamba farasi akikanyaga theluji, shimo la kwato linabaki. Ukigeuka nyuma unaiona njia nzima uliyopita, na pale ulipoteremka farasi kuna nyayo zako mwenyewe pembeni ya zake. Yote hayo yalikuwepo siku zote, mimi nilikuwa natazama namba.

Dai langu ni hili: kinachomtoa mtu ndani ya gemu si uchache wa fremu wala ubaya wa picha, ni kutotulia. Fremu 40 zilizopangika zinazamisha kuliko wastani wa 90 unaopanda mpaka 110 na kuporomoka mpaka 45 kila ukigeuza shingo.

Mashine: prosesa Ryzen 5 2600, RAM GB 16, kadi ya picha RX 580 ya GB 8 ya mtumba, monita ya Dell inchi 22. Mnaopinga karibuni, ila njooni na sababu.

#2 Kidawa
Nakazia. Mimi ile namba niliizima zamani, nikaona nimeanza kumaliza magemu.

#3 Fundi Kapasita
Mkuu #1, hoja ina mashiko lakini hesabu yako ina tundu. Hiyo monita ni Hz ngapi? Nyingi za Dell za inchi 22 za mtumba ni 60.

Monita ya Hz 60 inabadilisha picha kila milisekunde 16.7, mvua inyeshe jua liwake. Fremu 40 kwa sekunde ni fremu moja kila milisekunde 25, na 25 haiingii sawasawa kwenye 16.7. Kwa hiyo ukiwa umewasha V-Sync, ile setingi inayoisubirisha fremu mpaka monita ibadilishe picha, fremu ya kwanza inakaa mzunguko mmoja, ya pili inakaa miwili, ya tatu mmoja, ya nne miwili. Hapo ni kuchechemea, kutulia hakupo. Kwenye Hz 60 mgawanyo safi ni 60, 30 au 20.

Fremu 40 ni tamu kwenye Hz 120, maana kila fremu inakaa mizunguko mitatu kamili. Na wengi hawajui kwamba ukipima kwa muda, 40 iko katikati kabisa ya 30 na 60: milisekunde 33.3, 25, 16.7. Ndiyo maana mtu akitoka 30 kwenda 40 anahisi amevuka mto, wakati namba imepanda kumi tu.

#4 Mzee wa Vumbi
Ni 60 kweli. Duh. Na V-Sync imewashwa. Lakini mbona nahisi imetulia? Nitapima 30 na 40 wikiendi hii nilete majibu.

#5 Bila Waya
Niko Nairobi, wacha nikupinge kidogo. Unaongea kama mtu wa gemu za hadithi. Njoo Counter-Strike 2, gemu la kupigana risasi mtandaoni, na fremu zako 40 uone vile utazikwa. Kule mtu akitokea kwenye kona, anayeona picha mpya kila milisekunde 6.9 kwenye Hz 144 amekuona kabla wewe hujaletewa picha inayofuata. Kwangu kuzama ni pale mkono na kioo vinakuwa kitu kimoja. Nikisukuma mausi na kioo kichelewe, nimeshatoka kwa gemu, hata kama maua yamechorwa jani kwa jani.

#6 Mla Bando
Mbona sinema ni fremu 24 na watu wanalia machozi ukumbini? Hizi habari za 144 ni biashara za kutuuzia monita tu.

#7 Fundi Kapasita
Mla Bando, hoja hii inarudi kila mwaka. Kamera ya sinema kwa kawaida inaacha mwanga uingie kwa 1/48 ya sekunde, kwa hiyo mkono unaopita unaacha ukungu kwenye kila picha, na jicho linaunganisha ukungu na ukungu. Fremu ya gemu ni kali kama picha ya pasipoti. Ziweke 24 kali kwa sekunde, utaona picha zinazorukaruka. Magemu huwa yanaongeza ukungu wa kutengeneza, na watu wengi wanauzima siku ya kwanza.

La pili ni kwamba kwenye sinema hushiki kitu. Umekaa, unatazama. Siku watakapokupa usukani wa lile gari la kwenye sinema ndipo utakapolalamika kwamba linachelewa kukata kona.

#8 Mla Bando
Hilo la usukani nimelielewa. Naondoa la biashara, nabaki na la machozi.

#9 Kidawa
Niseme yangu kuhusu hilo la kutotulia, maana nimeliishi. Laptopu yangu ni Ryzen 5 3500U, haina kadi ya picha ya kujitegemea, inatumia Vega 8 iliyomo humo humo kwenye prosesa. Nilikuwa na kipande kimoja cha RAM cha GB 8. The Witcher 3 nikiwa porini inakwenda, nikiingia mji wa Novigrad sokoni inakuwa kama daladala kwenye matuta. Nilipunguza kila kitu. Nywele, majani, watu, mpaka mji ukabaki kama umepigwa ufagio. Bado matuta.

Kaka yangu akaniletea kipande kingine cha GB 8. Sikugusa setingi hata moja. Porini fremu zilitoka ishirini na ushee zikafika thelathini na kitu, na sokoni matuta yakaisha karibu yote. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba Vega haina kumbukumbu yake, inachota kwenye RAM ileile ya kompyuta. Kipande kimoja ni kama bomba moja, viwili ni mabomba mawili. Kwa hiyo jamani, kabla hamjagombana kuhusu 40 na 90, fungueni mfuniko mhesabu vipande.

#10 Mzee wa Vumbi
Mimi ninavyo viwili dada, hapo nimesalimika.

#11 Fundi Kapasita
Basi nikuulize swali la jina lako. Vumbi lako mara ya mwisho umelitoa lini?

Nimefungua mashine nyingi hapa Dar. Ukitoa feni ya prosesa, kati ya feni na yale mapezi ya alumini unakuta kitambaa cha kijivu. Hakipeperuki, unakibandua kwa vidole kipande kizima kama blanketi la mtoto. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 inajipunguza mwendo ili isiungue, ikipoa inapandisha, ikichemka inashusha. Namba ya wastani inaonekana nzuri tu, lakini ukichora grafu ya muda wa kila fremu kwa programu ya RivaTuner unapata meno ya msumeno. Mteja mmoja alikuwa ameshakubali kununua kadi mpya. Nikafuta vumbi, nikabadilisha pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa, akaondoka na mashine yake ileile na hela zake mfukoni.

#12 Mswahili wa Muscat
Assalaam alaykum. Fundi, umesema kweli lakini si yote. Mimi chumba changu kina AC mwaka mzima, prosesa haivuki 70, na bado kuna gemu lilikuwa linasita kila nikikutana na kitu kipya. Adui mpya akitokea, pa. Mlipuko wa kwanza, pa. Mlipuko wa pili wa aina ileile, laini kabisa.

Hilo si joto. Ni sheda. Kila rangi ya chuma, moshi, maji, ina programu ndogo inayoiambia kadi namna ya kuichora. Kwenye konsoli mashine zote ni aina moja, kwa hiyo zinakuja zimeshapikwa. Kwenye PC kila mtu ana kadi yake na draiva yake, yaani programu inayoiendesha kadi, inabidi zipikwe nyumbani kwako. Watengenezaji waangalifu wanazipika mwanzoni, ndiyo ile baa ya kusubiri dakika kadhaa kabla ya menyu. Wasio waangalifu wanazipika katikati ya vita. Na ukibadilisha draiva mara nyingi unaanza upya.

Ndiyo maana nacheka mtu akinunua kadi ya bei ya pikipiki ili kuondoa kusita kwa namna hii. Kadi yenyewe haina kosa.

#13 Bila Waya
Hii ya sheda ni ukweli mtupu. Na prosesa nayo isisahaulike, maana ndiyo inapika hizo sheda.

#14 Mwana wa Kisauni
Nyote mwazungumza namba, na uzi wauliza kuzama. Nitoke kidogo.

Mwaka 2009 Resident Evil 5 ilipotoka, nilicheza kwa jirani hapa Mombasa. Picha kwa wakati ule zilikuwa za kutisha kwa uzuri, jua kali, vumbi, mabati. Wale maadui wakaanza kupiga kelele, nikasikia Kiswahili. Jina lenyewe, Majini, ni letu. Kisha nikaambiwa mji ule wa kubuni, Kijuju, uko Afrika Magharibi. Hapo hapo nikatoka. Kitu kilikatika kichwani. Hakuna kadi ya picha duniani ya kurekebisha Kiswahili kilichohamishwa pwani kikapelekwa upande wa pili wa bara.

Sasa weka kando ya hilo Civilization IV ya 2005. Ni menyu tu, dunia inazunguka, wala hujabonyeza kitu. Kwaya inaanza Baba Yetu, sala iliyoimbwa kwa Kiswahili, muziki wa Christopher Tin. Mama yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza ni redio gani ile. Ule wimbo ulipata Grammy mwaka 2011, wa kwanza kutoka kwenye gemu. Fremu ngapi pale? Hata sijui, na hakuna aliyeuliza.

#15 Kidawa
Mwana wa Kisauni, kama sauti ndiyo yako, tafuta Tales of Kenzera: Zau ya 2024. Amelitengeneza Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, kutokana na msiba wa baba yake. Ukiingia kwenye lugha unachagua sauti za Kiswahili, wahusika wanaongea. Ni gemu la kurukaruka la pembeni, si zito kwa mashine. Nililicheza na mdogo wangu. Kuna mahali akasimamisha gemu akasema, "Dada, huyu anaongea kama babu." Mimi kuzama kwangu kulikuwa hapo.

#16 Mwana wa Kisauni
Shukran, nalitafuta leo.

#17 Chumvi ya Mawe
Nami niongeze kwenye upande huo. Far Cry 2, mwaka 2008. Ramani unaishika mkononi, kipande cha karatasi, na gemu halisimami ukiwa unaisoma. Unaendesha jipu huku umeitazama ramani, unagonga mti. Bunduki uliyookota chini ina kutu, inagoma katikati ya mapigano. Moto ukiwaka kwenye nyasi kavu unafuata upepo. Na mhusika wako ana malaria! Kioo kinageuka rangi, anatetemeka, anameza kidonge. Mimi niliyelazwa na malaria mara tatu niliweka kidhibiti chini nikanywa maji.

Lina karibu miaka 20 na nyuso za watu ni kama za plastiki. Lakini halikuwahi kunikumbusha kwamba nacheza, kwa sababu halikunijazia kioo mishale na vidokezo.

#18 Mla Bando
Kidhibiti? Kwenye gemu la kulenga shabaha, na mausi ipo? Haya tuendelee.

#19 Chumvi ya Mawe
Na malaria mkononi bado nililenga vizuri kuliko wewe.

#20 Taa ya Kandili
Naona picha zinatukanwa bila wakili. Ngoja nizitetee.

Rafiki yangu ana kadi ya RTX ya juu, akanionyesha Cyberpunk 2077 ikiwa na pathi tresing, ile waliyoiongeza Aprili 2023. Magemu mengi mwanga wake umepakwa. Mtengenezaji anapiga hesabu ofisini, anaubandika ukutani kama rangi, ndivyo ilivyokuwa hata Half-Life 2 ya 2004. Mwanga uliopakwa ni mzuri mpaka kitu kisogee. Kwenye pathi tresing miale inafuatwa yenyewe. Tulisimama kwenye kichochoro, mvua imekatika, kuna tangazo jekundu juu. Gari jeupe likapita. Wekundu ukahama: ukatoka ukutani, ukapanda ubavuni mwa gari, ukashuka kwenye dimbwi, ukarudi ukutani. Hakuna aliyeniambia nitazame. Mwili wenyewe ulikubali kwamba pale ni mahali.

Kwa hiyo msiseme picha ni urembo. Picha ndiyo inayoliambia jicho kwamba vitu vina uzito na viko pamoja. Kinachochosha ni picha za kuuzia: nywele zinazong'aa, ukungu kila kona, chembechembe za filamu za zamani juu ya kioo cha leo. Hizo mimi pia nazima.

#21 Bila Waya
Sawa, na hiyo kichochoro ilikuwa fremu ngapi?

#22 Taa ya Kandili
Kama 80, na fremu za kubuni zimewashwa. Bila hizo ilikuwa chini ya 50.

#23 Bila Waya
Hapo ndipo nakataa. Fremu ya kubuni inawekwa katikati ya mbili za kweli, kwa hiyo mashine lazima ishikilie ya kweli ya pili kwanza ndiyo ibuni ya katikati. Kioo kinasema 80, mkono unahisi chini ya 50 na kuchelewa kidogo juu yake. AMD wenyewe, watengenezaji wa kadi, wanashauri uwe na fremu kama 60 kabla ya kuwasha hiyo yao ya FSR 3. Yaani dawa inataka mgonjwa awe ameshapona.

#24 Mswahili wa Muscat
Bila Waya, kwa mtu anayetembea kichochoroni kuangalia mwanga, inatosha. Kwa wewe wa kwenye kona, haitoshi. Mnagombana mkiwa nyumba mbili tofauti.

Ila tusiichanganye na FSR ya kukuza picha, ile ya kuchora ndogo kisha kuitanua. Hiyo ni mkombozi wa mnyonge. Picha ya ukubwa wa 4K ni nukta milioni 8.3, ya 1080p ni milioni 2.07, robo yake kamili. Ukichora robo ukatanua, kadi inapumua. Lakini kwenye 1080p ukianzia 720p, ambayo haifiki nukta milioni moja, matawi ya miti yanaanza kutambaa kama sisimizi. Hilo nalo linakutoa ndani.

#25 Mama Swafiya
Samahanini, mimi si mtaalamu. Mume wangu anacheza, nami nikijaribu hizi za kuona kwa macho ya mhusika, dakika kumi tu kichefuchefu. Za kumwona mhusika mgongoni naenda saa mbili nzima. Ni fremu au ni mimi?

#26 Fundi Kapasita
Karibu mama. Jaribu upana wa kuona, kwenye setingi unaitwa FOV. Magemu mengi ya konsoli yanauweka mwembamba kwa sababu mtu wa konsoli amekaa mbali na TV. Wewe umekaa sentimita 60 kutoka kwenye monita, ni kama kutembea umevaa bomba machoni. Panua ifike 90 au zaidi, zima ukungu wa mwendo, zima kichwa kinachoyumba mhusika akitembea.

#27 Taa ya Kandili
Na fremu zinazorukaruka pia zinaleta kichefuchefu. Hapo Mzee wa Vumbi anapata pointi yake.

#28 Mama Swafiya
Nimepanua mpaka 95. Nimecheza dakika arobaini. Asanteni sana.

#29 Mzee wa Vumbi
Nimerudi na majibu kama nilivyoahidi.

Kwanza vumbi. Fundi, blanketi lilikuwepo. Nimelibandua, joto limeshuka kutoka 91 hadi 74.

Pili, nimechora grafu. Fundi ulikuwa sahihi: kwenye 40 kuna kuchechemea, na sasa nikizungusha kamera taratibu nakuona. Ungeniacha bila kujua ningeishi kwa amani. Kwenye 30 mstari ni kama bahari ya asubuhi, lakini farasi anakuwa mzito, navuta mausi anageuka baadaye. Kwa hiyo 30 inatulia machoni na haitulii mkononi, 40 ni kinyume chake. Dai langu la kutulia nalishikilia, ila sasa najua kuna kutulia kwa aina mbili na sijui nichague lipi.

Tatu, kuna jambo halikuisha kwa vumbi wala kwa kufunga fremu. Nikipiga mbio na farasi kuelekea makazi ya watu, kuna kusita kukubwa mara moja, karibu nusu sekunde. Kila mara, mahali palepale.

#30 Mswahili wa Muscat
Kama ni mahali palepale kila mara, sheda hapana. Sheda zikishapikwa zimepikwa.

#31 Kidawa
Gemu lenyewe liko kwenye SSD, ile ya kasi isiyozunguka, au hadi diski? Ile ni GB 150.

#32 Mzee wa Vumbi
Hadi diski. SSD yangu ni 240, imejaa Windows na picha za harusi ya dada.

#33 Fundi Kapasita
Diski ya kuzunguka inawahi farasi? Nyumba, watu, kuku, mbwa, vyote vinavutwa kwa mkupuo unapokaribia. Nadhani tumempata.

#34 Bila Waya
Au prosesa. Makazi maana yake watu wengi wa kuhesabiwa kwa pamoja, na 2600 si kijana tena. Angalia kama prosesa inafika asilimia mia wakati huo.

#35 Chumvi ya Mawe
Au usikimbie. Tembeza farasi. Nilivuka lile gemu lote kwa mwendo wa kutembea nikaona ndege ambao hamjawahi kuwaona.

#36 Mla Bando
Chumvi ameleta setingi mpya: mwendo wa farasi, chini.

#37 Kidawa
Mzee wa Vumbi, yote sawa, lakini mjini umefika?

#38 Mzee wa Vumbi
Nimefika Valentine jana saa tisa usiku, kwa mwendo wa kutembea. Haikusita. Barabara yote ni tope, na farasi alivyopita mbele ya duka tope likamrukia mpaka tumboni. Nilishuka nikamfunga, nikakaa namwangalia. Namba bado nimeizima.